Shahada ya lishe inayoishia mlangoni mwa wodi

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine akitembelewa na ndugu kutoka Bagamoyo, zawadi haina mjadala: madafu. Dafu halina sukari ya dukani, halina rangi ya kiwandani, na kila aliyekulia Pwani ameambiwa tangu utotoni kwamba linasafisha figo. Kwa mwenye figo nzima halina ubaya. Kwa huyu aliye kitandani, kila mililita 100 za maji yake zina miligramu 250 hivi za potasiamu, kwa hiyo dafu likitoa mililita 400 amekunywa gramu nzima. Mgao wake wa siku nzima kwa kawaida ni gramu mbili, au tatu zikizidi sana. Ziada hiyo figo zake haziwezi kuitoa, mashine ataiona tena keshokutwa, na potasiamu ikizidi kwenye damu kinachoweza kusimama ni moyo.

Ni kazi ya nani kumweleza huyo ndugu, na kumweleza bila kumwaibisha? Daktari wa figo analijua jambo hili, lakini foleni ya wagonjwa iko mlangoni. Muuguzi analijua pia, naye ana mashine kadhaa zinazopiga kelele kwa wakati mmoja. Mwenye kazi hiyo ni mtaalamu wa tiba lishe, mtu aliyekaa chuo kikuu miaka mitatu au minne kwa ajili ya mazungumzo ya aina hii hasa. Ninachotaka kuuliza ni kama vyuo vyetu vinamwandaa kwa mazungumzo hayo. Kwa maoni yangu vinamwandaa nusu. Vinampa kemia, vinampa takwimu, vinampa kijiji. Kitanda cha mgonjwa anapewa kwa kijiko cha chai, wiki chache za mafunzo kwa vitendo, tena mara nyingi akiwa amesimama nyuma ya wanafunzi wa udaktari.

Hili si suala la uzembe wa wahadhiri. Ni suala la ukoo. Tazama kozi hizi zilizaliwa wapi. Kwa Tanzania, lishe ya chuo kikuu imelelewa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na teknolojia ya chakula. Kenya, Egerton ya Njoro ilianza 1939 kama shule ya kilimo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kiliiweka lishe Kabete, jirani na madaktari wa mifugo. Kwingine ilichipuka kutoka sayansi kimu. Ukoo huo haukuwa wa bahati mbaya. Katika miaka ya 1970 na 1980 swali kubwa la lishe lilikuwa ghala na shamba: kaya ina nini cha kula mwezi wa Februari, mama analima ekari ngapi huku akinyonyesha, mtoto anaharisha mara ngapi kwa mwezi.

Na katika swali hilo tulikuwa walimu wa dunia, jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria mwaka 1973, wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa na chombo cha namna hiyo. Muongo uliofuata ukaja mpango wa lishe wa Iringa, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito, matokeo yakajadiliwa kijijini penyewe na wazazi na viongozi wao, na kila kifo cha mtoto kikaulizwa chanzo chake. Kutokana na uzoefu huo ndipo ulipochorwa ule mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza 1990: juu ulaji duni na maradhi, chini yake chakula cha kaya, malezi na huduma za afya, na chini kabisa siasa na uchumi. Mwanafunzi wa lishe anayeuchora kwenye mtihani leo, awe Manila au Lima, anachora kitu ambacho mizizi yake iko Nyanda za Juu Kusini.

Tatizo la urithi mzuri ni kwamba unakaliwa. Takwimu za afya za Kenya za 2022 zinaonyesha udumavu wa watoto umeshuka hadi asilimia 18, kutoka 26 mwaka 2014. Takwimu hizo hizo zinasema wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Tanzania bado ina udumavu wa asilimia 30 kwa takwimu za 2022, kwa hiyo asije mtu akaninukuu kwamba kazi ya kijijini imekwisha. Haijaisha. Lakini kando yake imekua kazi nyingine ya kisukari, presha, figo, saratani, na mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kumeza. Kazi hii ya pili haifanyiki kwenye mkutano wa kijiji.

Ndugu wakisikia unasoma lishe huuliza kama unasomea upishi. Wangeliona daftari la mwaka wa kwanza wangenyamaza. Kuna anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, na baiokemia ambayo huwarudisha wengi kwenye mtihani wa marudio. Ni lazima ujue sukari inavyovunjwa hatua kwa hatua ndani ya seli, kwa sababu baadaye utaulizwa kwa nini mgonjwa wa kisukari aliyeacha kula ghafla sukari yake imepanda badala ya kushuka. Mwaka wa pili na wa tatu huja lishe ya rika zote, usalama wa chakula, lishe ya jamii, uendeshaji wa jiko kubwa, na tiba lishe yenyewe. Mwishoni kuna utafiti mdogo na mafunzo ya vitendo. Kwenye karatasi hakuna kilichokosekana.

Ila karatasi haina mama. Chukua mtoto mwenye utapiamlo mkali, kilo sita, mkono wake ukizungushiwa utepe unasoma chini ya sentimita 11.5, na ana matatizo yaliyomlazimu alazwe. Akili ya kila mtu mwenye huruma inasema mlishe ashibe. Sayansi inasema mlishe kidogo sana. Siku za mwanzo anapewa maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 na protini isiyofika gramu moja katika kila mililita 100. Kiasi ni mililita 130 kwa kila kilo kwa siku kama hana uvimbe, yaani 780 kwa huyu wetu, na akilishwa kila baada ya saa mbili kila mlo ni mililita 65. Haifiki nusu ya kikombe cha chai. Mwili uliozoea njaa umezima mambo mengi, na ukiumwagia chakula ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosfati na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na mtoto aliyefika hospitali akiwa hai anaweza kufa kwa kulishwa. Hata dawa ya kuongeza damu husubiri kwanza, ingawa viganja vyake ni vyeupe kama karatasi.

Mwanafunzi akiulizwa hesabu hiyo darasani anaipata. Sasa mpeleke wodini saa nane usiku, mbele ya mama ambaye mtoto wake analia njaa kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili za kukataa chakula, na bibi amekuja na supu ya nyama kwenye hotipoti. Kulia njaa kwa mtoto yule ni dalili njema, na ndicho kitu kigumu kuliko vyote kumweleza bibi. Atamwambiaje? Shikamoo kwanza, bila shaka. Kisha nini? Hapo hakuna slaidi ya mhadhara itakayomsaidia. Atasaidiwa na kuwa alishamwona mtaalamu mzoefu akifanya hivyo, mara nyingi, na akasahihishwa yeye mwenyewe alipokosea maneno.

Upande wa wakubwa mambo ni magumu zaidi, kwa sababu ushauri hugeuka njiani. Mzee wa kilo 60 mwenye figo zinazodhoofika huambiwa apunguze protini hadi gramu 0.6 au 0.8 kwa kila kilo ya uzito, yaani kati ya 36 na 48 kwa siku. Familia inatii, inamwondolea nyama na samaki, inajisifu. Siku figo zikifika mwisho akaanza kusafishwa damu, hesabu inapinduka: sasa anahitaji gramu 60 hadi 72, kwa kuwa mashine ikitoa taka huondoka pia na asidi za amino. Yai moja lina gramu sita hivi za protini, kwa hiyo si jambo la kuongeza yai moja asubuhi. Watoto wake watashangaa, na wana haki. Jana nyama ilikuwa sumu, leo ni dawa?

Hapa ndipo naliona pengo la mafunzo yetu waziwazi. Kwenye kliniki ya wajawazito mwanafunzi amefundishwa, na amefundisha, kwamba mchicha usipikwe sana na maji yake yasimwagwe, kwa sababu vitamini huondoka nayo. Akiingia kwenye kitengo cha figo anatakiwa aseme kinyume: viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, kwa sababu tunataka potasiamu iondoke. Maharage yalowekwe na maji yabadilishwe. Tui lipimwe. Ute mweupe wa yai unapendelewa kwa kuwa una protini nyingi na fosforasi kidogo. Ujumbe wa afya ya jamii ni mmoja kwa watu wote, na hiyo ndiyo nguvu yake. Tiba lishe huanza pale ambapo ujumbe wa watu wote unaweza kumuua mtu mmoja. Mhitimu aliyezoeshwa ujumbe wa kwanza kwa miaka mitatu hawezi kuugeuza ulimi wake kwa wiki chache za wodini.

Vitendea kazi si tatizo tena kama zamani. Tanzania ina majedwali ya viini lishe vya vyakula vyake yaliyotolewa 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya ilitoa ya kwake 2018. Hakuna sababu ya mwanafunzi wa Nairobi au Dodoma kukadiria mlo wa mgonjwa kwa kutumia jedwali la Marekani lenye brokoli na siagi ya karanga ya kopo. Lakini jedwali linasema gramu 100 za ugali, na mgonjwa anasema "nusu sahani". Sahani ya nani? Ya bati au ya udongo, ya baba au ya mtoto, na donge limekandamizwa au limeachwa? Kujua kuuliza hivyo ni ufundi, na ufundi huu haumo kwenye jedwali.

Kuna pia suala la madaraka, ambalo vyuo hulipita kimyakimya. Mtaalamu wa tiba lishe anayejua hesabu zote lakini haandiki kwenye faili la mgonjwa, na hasimami kwenye raundi ya asubuhi, ni mgeni wa wodi. Mgonjwa aliye kwenye uangalizi maalumu, analishwa kwa mpira wa puani, anaweza kukaa siku tatu akipewa uji mwepesi uliochujwa kwa sababu hakuna aliyeagiza vinginevyo. Uji huo una maji mengi na kilokalori chache, lakini kwenye chati utasomeka kwamba mgonjwa amelishwa. Kumwambia daktari bingwa mbele ya wanafunzi wake kwamba mgonjwa wake ana njaa kunahitaji ujasiri, na ujasiri huo haufundishwi Kabete wala Morogoro. Unajengwa kwa kuwepo pale kila siku mpaka watu wakuzoee. Kenya ilipoanza mwaka 2015 mpango wa kukodi vifaa vya tiba, mashine za kusafisha damu zilifika hadi hospitali za kaunti. Mashine hazikwenda bila fundi wa kuzitunza. Mtu wa kumwambia mgonjwa ale nini kati ya siku mbili za mashine hakuandikwa kwenye mkataba wa kukodi kitu chochote.

Wenzetu Wakenya wanastahili sifa kwa jambo moja. Tangu 2007 wana sheria ya wataalamu wa lishe na taasisi yake, KNDI, inayosajili na kutoa leseni kuanzia ngazi ya cheti hadi shahada. Huwezi kujibandika tu. Uingereza ndivyo ilivyo pia: cheo cha mtaalamu wa tiba lishe kinalindwa na sheria chini ya baraza la HCPC, ingawa mtu yeyote anaweza kujiita mshauri wa lishe na asishtakiwe. Ukiona kinachouzwa Instagram kwa jina la lishe, unga wa kusafisha damu, chai ya kuyeyusha kitambi, programu ya siku kadhaa ya kuponya kisukari, unaelewa kwa nini sheria inahitajika. Lakini leseni inathibitisha kwamba mtu alisoma. Kwamba aliwahi kukaa na mgonjwa hilo ni jambo la pili, na Wamarekani wameliwekea namba: kabla ya kukaa kwenye mtihani wa usajili lazima uwe na mafunzo ya vitendo yanayosimamiwa yasiyopungua saa 1,000, na tangu Januari 2024 lazima uwe na shahada ya uzamili pia. Hilo la uzamili mimi silitaki huku; litaongeza ada na kupunguza watu. Hizo saa 1,000 nazitaka.

Atakayenipinga ana hoja nzuri mfukoni: ajira haziko hospitali. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi mhitimu wa lishe alikuwa na njia mbili, kuwa afisa lishe wa halmashauri au kuingia kwenye mradi wa wafadhili. Mradi ulilipa vizuri, ulikuwa na gari, na ulitaka mtu wa vijiji. Basi chuo kilitengeneza mtu wa vijiji. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Vijana waliojenga maisha yao juu ya mikataba ya mwaka mmoja mmoja waliamka bila kazi, na watoto waliokuwa wakisubiri vile vifurushi vya gramu 92 vya siagi ya karanga ya tiba walibaki wakisubiri. Kama kuna wakati wa kuhamisha uzito wa mafunzo kuelekea kazi ambayo haifi mfadhili akinuna, ni huu. Kisukari hakina tarehe ya mwisho wa mradi.

Kwa hiyo mwanangu wa kidato cha sita, au wewe uliyepata C+ yako ya KCSE na kemia nzuri, unayejaza fomu za udahili: jina la shahada lisikubabaishe. Lishe ya binadamu, chakula na lishe, lishe na tiba lishe, yote hayo yanaweza kuwa kozi ileile yenye rangi tofauti. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho umuulize chuo kina makubaliano na hospitali gani, wanakaa huko wiki ngapi, na nani anasaini kitabu cha mafunzo. Akikuambia anayesaini ni muuguzi wa zamu kwa kuwa hospitali haina mtaalamu wa tiba lishe, umeshapata jibu. Muulize kama aliwahi kuandika mpango wa lishe wa mgonjwa halisi ukatumika. Kama Kenya, angalia kama kozi inatambuliwa na KNDI kabla ya kulipa hata shilingi, maana kugundua baadaye ni kilio. Na kama moyo wako uko kijijini kweli, nenda kijijini kwa fahari. Nchi yenye udumavu wa asilimia 30 inakuhitaji, na urithi wa Iringa unahitaji warithi.

Vyuo vitasema havina walimu wa wodini. Ni kweli kwa sehemu, na sehemu ya sababu vimejitengenezea vyenyewe. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa uzamivu na machapisho, kwa hiyo anayefundisha tiba lishe anaweza kuwa bingwa wa unga wa muhogo ambaye hajagusa faili la mgonjwa tangu alipokuwa mwanafunzi. Wakati huohuo hospitali ya rufaa ina mama mmoja mwenye shahada ya kwanza na miaka ishirini ya wodi, anayejua kumnyang'anya bibi hotipoti ya supu bila bibi kukasirika. Mpeni mama huyo mkataba wa kufundisha nusu siku kwa wiki, mpeni cheo cha mwalimu wa kliniki kama wanavyopewa madaktari, mlipeni kwa saa, na alama za mwanafunzi za mwaka wa mwisho zipite mkononi mwake. Gharama yake kwa muhula haitafika bei ya projekta mpya za ukumbi wa mihadhara.